Bibi Yako Alijibu Sijambo

Mwanangu Rahma,

Asalaam alaykum. Hujambo mwanangu, na wenzio hapo Madungu? Paa la jikoni limeshazibwa? Mimi huku Maskati sijambo, alhamdulillahi, sina neno. Barua hii anakuletea Bi Zuhura, anarudi kwao Wesha. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikata maneno: "Mama, wewe hujui mambo ya udaktari."

Kweli sijui, niliishia darasa la nne. Lakini mjomba wako kanambia umeacha kumfuata Daktari Bi Asha wodini likizo hii. Eti mwaka wa kwanza huruhusiwi kumgusa mgonjwa, kazi yako kusimama nyuma yake na kumbebea mafaili, bora ubaki nyumbani na vitabu. Rahma! Mimi nasugua sakafu za watu ili wewe uchoke kusimama?

Sikupata kukusimulia vizuri habari ya bibi yako, kwa uchungu. Alipotolewa Kojani kwa mashua kupelekwa hospitali, tumbo lilikuwa limemshika siku ya tatu. Mjomba wako aliambiwa asubiri nje, wodi ya wanawake. Mgonjwa wa kitanda cha pili ndiye aliyeyasikia haya. Akapita daktari kijana.

"Hujambo bibi?"

"Sijambo baba."

"Unaendeleaje?"

"Alhamdulillahi, tunamshukuru Mungu."

Akaandika. Akampa vidonge, akamwambia mjomba wako, "Mrudisheni, mzima huyu." Mzima! Mtu wa Kojani umemsikia wapi akaanza na maumivu, salamu hazijaisha? Angekaa kidogo, akamuuliza wajukuu, akamuuliza na usingizi je, yangetoka yote. Bibi yako hakufika Ijumaa. Nami huku nilipopata habari nikaambiwa nimalize vyombo kwanza, wana wageni.

Yule kijana hakuwa mjinga, mwanangu. Vitabu kavisoma, na Kiingereza mjomba wako anasema kilikuwa kinammwagika. Ila hakupata kusimama nyuma ya mtu anayejua kungoja. Au alipata, akachoka, akarudi nyumbani kusoma.

Wewe mwenyewe ulinambia Bi Asha huvuta kiti akakaa na mgonjwa. Ulicheka, eti anachelewesha watu. Basi mimi sikucheka, nilikwenda chooni nikalia. Jumatatu uwe wodini kabla yake. Umwombe radhi. Hata ukibeba mafaili mwaka mzima, beba, na umtazame anauliza mara ngapi mpaka mtu aseme.

Nisalimie mjomba wako, mwambie simlaumu. Nisalimie shangazi yako wa Wete, na Bi Mkasi jirani yetu anayekuangalia.

Na ukinipigia simu ukanambia hujambo mama, nitakujibu sijambo, kama nilivyokujibu hapo juu. Usikate. Niulize tena.

Mimi mama yako,
Mwanaisha