Kigoda cha Baba Kwenye Televisheni

Jumamosi, Umbilo

Miguu bado inaniuma. Foleni ya kile kipindi cha televisheni cha kuthamini vitu vya kale ilitoka mlangoni mwa ile nyumba ya zamani ya Glenwood mpaka kwenye robot, yaani taa za barabarani, na Mama alikataa kukalia kigoda tulichokuja nacho. Eti kitachafuka.

Hapo ndipo nilipokitazama vizuri. Kigoda cha marehemu Baba, tulichotoka nacho Bukavu, siku zote kilikuwa cheusi. Leo kilikuwa cheupe kama kimetoka kwa seremala. Mama alikuwa amekisugua kwa sabuni na waya ya kusugulia sufuria.

"Kitu ya baba yako haiwezi kutokea kwa televisheni na uchafu," akaniambia. Ni kweli, kwetu huendi mbele za watu bila kuoga.

Mtaalamu wao alikigeuza, akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyekiosha. Akasema ule weusi ulikuwa jasho na mafuta ya mikono ya waliokitumia, na thamani yake yote ilikuwa hapo. Kamera ikahamia kwa mwenye saa ya ukutani.

"Iko anasema nini?" Mama akaniuliza.

Sikuwa na nguvu ya kusema kweli. Nikamwambia, "Anasifu jinsi ulivyokitunza."

Njia nzima alikuwa na furaha. Sasa namsikia jikoni, anasugua kitu. Nimeangalia ukutani inapotundikwa fimbo ya Baba, nyeusi kama kigoda kilivyokuwa; haipo. Inabidi niinuke nikamzuie, na sijui nitamwambia nini.