Kumsikia Chuma Kabla Masikio Hayajafunga

Jumatatu, 3 Julai

Jogoo! Nimerudi kutoka kazini nikakuta jogoo kafungwa mguu mlangoni kwangu. Jirani kasafiri. Eti juzi aliniuliza kama naweza kumtunzia, nami nikajibu "bila wasiwasi, jirani." Kumbe! Mimi nilidhani anazungumzia mvua. Hayo ndiyo malipo ya kuitikia usichokisikia. Nimempa mahindi, tutazoeana.

Nimepita kwa daktari wa masikio. Mtu mpole. Kanivalisha vile vya kusikilizia vya kichwani, akanipa kitufe, kila nikisikia mlio nibonyeze. Mara nyingine nilibonyeza kwa kubahatisha tu, kama mtoto kwenye mtihani. Hakudanganyika. Mashine za kufuma za kiwandani zimeyala masikio yangu, akasema, na kilicholiwa hakirudi. Kuna vifaa vya kuvaa, vitasaidia kidogo. Nikauliza — na muziki je? Akasema muziki ndio hutangulia kuondoka.

Nimesema nitafikiria. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 4 Julai

Mwanangu kaamka na macho mekundu. Jogoo kawika tangu alfajiri, Mama, wewe umelalaje? Nimesema usingizi wa pono, uchovu. Wanasema sikio halilali njaa. Langu limelala njaa na jogoo yuko dirishani.

Jumatano, 5 Julai

Chuma anakuja na gita lake! Jumamosi, saa tisa alasiri, uwanja wa mpira. Kidomo ana tiketi mbili.

Kidomo ndiye mwenzangu wa mtambo wa pili, miaka yote hii. Jina kapewa kwa sababu hafungi mdomo, ingawa sauti yake siijui vizuri. Pale kwenye mitambo hakuna anayesikia kitu. Tunaongea kwa midomo — unaifungua sana, unalivuta neno, na aliye upande wa pili wa ukumbi anakusoma. Tunasengenya, tunatongozana, tunapeana pole za misiba, yote kimya kimya. Kwa hiyo kiwandani mimi ni mzima kabisa. Nyumbani ndiko niliko kiziwi. Mwanangu huongea huku kainamia madaftari ya watoto wa chekechea, au pini za nywele zikiwa mdomoni. Nitasoma nini hapo?

Chuma nampenda tangu msichana. Roki ya kweli, gita linalokwaruza roho. Marehemu mume wangu alikuwa akilalamika kwamba kaoa mke mwenye waume wawili, na mwenzake ndiye mwenye gita.

Jioni nimeweka kaseti, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Gita limebaki kama mtu anayesugua sufuria nyumba ya tatu. Nimelia kidogo. Naogopa. Nataka nimsikie mara moja tu, kwa ukubwa wote ule, halafu masikio yafunge yakitaka.

Alhamisi, 6 Julai

Vibaya leo. Mwanangu kafunga mlango wa chumba chake kwa nguvu mpaka sakafu ikatetemeka miguuni mwangu. Kisha akatoka akasimama mbele yangu, na safari hii nilimsoma vizuri mno. Eti Jumapili aliniambia jambo kubwa. Nikasema "sawa, mwanangu," nikaendelea kukunja nguo. Je, mambo yake hayanihusu tena?

Jambo gani? Sijui! Naapa sikumbuki hata kama aliongea. Na kuuliza ni kukiri. Nikamwambia bado nalifikiria. Aliniangalia kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo.

Kidomo nimemweleza kazini, kwa midomo. Naye akanirushia ile methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamwambia akafunge uzi wake, umekatika. Kweli ulikuwa umekatika.

Jumamosi, 8 Julai

Nimerudi. Nitaandika kesho. Mlango wa mwanangu umefungwa na taa imezimwa.

Jumapili, 9 Julai

Sasa niandike, kabla mambo hayajapoa.

Tulifika mapema. Kidomo kavaa buti za marehemu baba yake, eti ndiyo heshima ya roki. Kwenye foleni akatia aibu. Mama mmoja, mbali kule mwanzo wa foleni, alikuwa akimlalamikia mumewe kwamba viatu vinamuua. Kidomo kamsoma, akasahau tuko wapi, akapaza sauti: "Vivue tu, dada!" Yule mama alishtuka kama kaitwa na jini. Tulicheka mpaka mlinzi akatuuliza tumekunywa nini.

Tukasimama karibu kabisa na spika. Chuma akatokea — kazeeka! Nywele nyeupe, kitambi, anapanda ngazi kwa kushika reli. Kisha akapiga gita.

Niseme ukweli: maneno sikuyasikia. Nusu ya nyimbo nilizijua kwa vidole vyake tu. Lakini besi iliingia kwa miguu, ikapanda magotini, ikakaa tumboni, nami nikaimba kila mstari kwa sauti ambayo hata mwenyewe siijui. Raha gani! Sikuwahi kudhani huzuni inaweza kutoka kwa jasho.

Katikati ya wimbo wa tatu ndipo lilipotokea jambo. Chuma alimgeukia mpiga ngoma, akauweka mdomo mbali na maiki. Uwanja mzima ulidhani anatania. Nami nikamsoma, wazi kama anaongea mtambo wa pili: "Sisikii kitu. Nihesabie."

Mpiga ngoma akainua fimbo juu, akamhesabia kwa kichwa — moja, mbili, tatu — na Chuma akaingia palepale panapotakiwa. Toka hapo hakuondoa macho kwenye zile fimbo.

Nikamgeukia Kidomo. Naye kaduwaa. Umeona? Nimeona. Uwanja umejaa watu wenye masikio mazima, na wafumaji wawili tu ndio waliomsikia.

Hakuona haya. Hilo ndilo lililonilegeza. Aliomba kama mtu anayeomba chumvi mezani, akapewa, wimbo ukaendelea. Nililia pale mbele ya spika, na kilikuwa kilio kizuri, cha kupumzika. Kidomo alinishika kiuno hadi mwisho. Nimelala usiku mzima bila kugeuka.

Niliacha kalamu kidogo. Narudi.

Mwanangu katoka chumbani wakati naandika. Akachukua kikombe, akanipa mgongo. Nikamwita. Nikasema kabla moyo haujageuka: mwanangu, masikio yangu yamekufa. Jumapili ile sikusikia neno lako hata moja.

Kasimama na kikombe mkononi. Tangu lini? Tangu zamani. Na daktari? Nimekwenda. Akawa anatafuna mdomo. Halafu akauliza — kwa hiyo hukumkataa?

Nimkatae nani? Simjui hata ni nani!

Basi akaangua kicheko, na machozi yakafuata hapohapo. Siku zote hizi mtoto alidhani nimemkunjia nguo makusudi. Kaenda kunawa uso. Mimi naandika upesi.

Karudi. Kavuta kiti mpaka dirishani penye mwanga, kakaa uso kwa uso nami. Anaanza kwa kupiga kelele, naona kwa mishipa ya shingo yake. Nimemwambia kelele haisaidii, afungue mdomo tu, aende polepole, aanze mwanzo kabisa. Kautoa ulimi kuujaribu mdomo, mjinga huyu. Kanishika mkono wa kushoto.

Anasema kwanza weka kalamu chini, Mama