Leo mucheze nyinyi

Fabiola, acha nyanya zako uangalie simu. Haya ya leo hayajanifikaka.

Unajua ile mukutano ya asosiasyo yetu ya kulinda pori, ya kutafuta watu wa kusaidia Batwa, wenyeji wa pori, warudishiwe udongo yao kwenye walifukuzwa. Tulijaza salle yote huku Murara. Walimaji walikuja, machefu wa vijiji, hata mapadri. Na miye njo nilipewa micro ya kuongoza mukutano.

Unajua pia vile tunafanyaka. Batwa wanacheza kwa kufungua mukutano, tunapiga photo, kisha wanaenda kukaa nyuma.

Basi nikasema, "Sasa ndugu zetu Batwa watatukaribisha na ngoma."

Hakuna mutu alisimama.

Fabiola, hakuna mutu.

Mama Séraphine, ule anasemeaka Batwa, akaniuliza polepole: "Mutoto wangu, nani aliita hii mukutano?"

Nikasema ni sisi.

"Basi wageni ni wenu. Mucheze nyinyi."

Nikaangalia directeur wetu, Papa Léopold, anisaidie. Muzee akatoa koti, akaanza kucheza. Na ile tumbo. Batwa wakamupigia ngoma, walimaji wakamupiga photo. Miye nyuma yake na viatu virefu, kama mbuzi juu ya mawe ya volkano.

Tulipomaliza, Mama Séraphine akatushukuru vizuri sana. Kisha akatuonyesha viti vya nyuma.

Njo huku nyuma niko nakuandikia. Micro iko kwake, anaongea juu ya udongo yao, na kwa mara ya kwanza hakuna mutu anasinzia.