Nilimfundisha Muuaji wa Filamu Kuisoma Fatiha

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu, nakuamkia wewe Mwalimu Persis, mshauri wetu, pamoja na wote wanaoisoma safu hii, Waislamu, Wakristo na Wahindu, kwa salamu za amani na heshima.

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako nikiwa mtu wa miaka sitini na tisa, muuza vitambaa na sare za shule hapa mjini Nyamira, na mwalimu wa Kurani kwa miaka thelathini na mmoja, na ninaona haya kukuandikia kwa sababu katika umri huu watu ndio huniletea mimi mashauri yao, lakini jambo hili limenikalia kifuani na kila siku ninayonyamaza linamuumiza mtu asiye na kosa.

Mwezi wa pili alifika dukani kijana anayeitwa Mokua, mpimaji wa majani ya chai katika kituo kimoja cha upande wa Itumbe, akitafuta kanzu ya kuazima, maana Osoro, yule anayepiga video za harusi na mazishi, alikuwa anatengeneza filamu ya taharuki na amempa Mokua nafasi ya mfanyabiashara Mwislamu. Nikampa kanzu na kofia. Angeondoka hapo mambo yangekwisha, lakini alisimama mbele ya kioo akaanza kuyajaribu maneno yake, na maneno yenyewe yalikuwa Fatiha, sura ya kwanza ya Kurani, naye akaivunjavunja kiasi kwamba nilishindwa kuendelea kupima kitambaa cha mteja.

"Ngoja, kijana," nikamwambia. "Hiyo umejifunza wapi?"

"Kwa simu, Maalim. Nimesikiza kama mara tatu hivi."

"Mara tatu. Watoto wa madrasa huisikiliza mwaka mzima."

"Basi nisaidie, Mzee wangu. Usiniache niaibishe dini ya wenyewe."

Mshauri, hapo alinishika pale hasa ninaposhikika, kwa kuwa katika maisha yangu sijawahi kusikia aya ikisomwa vibaya nikanyamaza, hata kwa mgonjwa, hata kwa mgeni, na nikamwambia aje kila siku baada ya sala ya alasiri, akaja siku saba, nikamfundisha kila herufi mahali inapotokea, na wapi pa kuvuta, na wapi pa kupumzika. Mpwa wangu Zaki, mtoto wa marehemu dada yangu Hawo, niliyemlea mwenyewe na ambaye sasa ndiye anayewafundisha watoto madrasani, alikuwa akipita na kutucheka.

"Mjomba, huyu utamsilimisha kabla filamu haijaisha."

"Nikisilimu," Mokua akamjibu, "mama yangu atanikimbiza na mwiko mpaka Keroka."

Nilimuuliza mtu anayemwigiza ni wa namna gani, akasema, "Ni mtu wa dini sana, Maalim, haachi sala." Nikaridhika. Aliniachia hata karatasi za mchezo mzima, zikakaa kwangu siku nne, nami nikasoma kurasa zenye Kiarabu peke yake, nikasahihisha kwa kalamu nyekundu, nikamrudishia.

Filamu ilipoonyeshwa ukumbini nilialikwa nikaketi safu ya mbele. Mtu yule hana jina, wote humwita Sheikh tu, naye hufunga duka, hunawa, huketi akaisoma Fatiha kwa utulivu, kisha hutoka akaenda kumnyonga mtu. Anaua watu watatu, na kila mara Fatiha hutangulia, na usomaji ule, Mwalimu, ulikuwa wangu, mivuto yangu na pumzi zangu, hata ile namna ninayoshusha sauti mwishoni, na nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyu amesoma kweli, utafikiri ni mmoja wao." Wahusika wengine walikuwa wa kawaida, askari mlevi, na bikizee mmoja wa Magwagwa anayeishi peke yake akikoroga majani kwenye chungu, ambaye ukumbi mzima ulimcheka nami nikamcheka, lakini ile kanzu yangu ilinitoa jasho.

Tangu hapo mjukuu wangu Istarlin, aliye kidato cha pili, akiingia darasani wenzake, wakinifananisha na yule Sheikh mwenye duka, humuuliza, "Babu yako leo amemsomea nani?" Naye hanung'uniki, ila ameacha kunisomea jioni kama alivyozoea.

Kisha kamati ya msikiti ikakutana, na mwenyekiti akasema, "Yule kijana hakuokota usomaji ule barabarani. Amefundishwa. Na ni nani anayekaa na Mokua kila jioni?" Wote wakamgeukia Zaki, maana tangu zile siku saba za dukani yeye na Mokua wamekuwa marafiki. Zaki alinitazama mimi, kisha akatazama mkeka.

"Sina la kusema, wazee wangu."

"Basi umekubali."

"Nimesema sina la kusema."

Wakamsimamisha kufundisha, na mwisho wa mwezi huu watamwondoa kabisa. Nilikuwapo, tasbihi mkononi, na neno pekee nililolitoa lilikuwa, "Tusiharakishe."

Sasa niambie, Mwalimu, lipi litangulie. Je, nikiri na kulipoteza jina nililolijenga kwa miaka thelathini na mmoja, au kwanza niiongoze kamati kwa wakuu wa serikali ili filamu izuiwe kabla haijaonyeshwa Kisii, kisha nimwombee Zaki msamaha taratibu, watu wakiwa wamepoa?

Ni mimi, Abdirashid, Nyamira.

*

Mzee wangu Abdirashid, salamu zako nimezipokea kwa heshima. Majina yote nimeyabadilisha isipokuwa langu, usije ukasema gazeti limekusemea. Hata hivyo Nyamira si mji mkubwa, na wanaokujua watakutambua kabla hawajaimaliza barua. Usiwangoje.

Pole naitanguliza, kwa kuwa unaistahili. Kuyasikia maneno unayosali nayo yakifungulia mauaji ni jeraha, na anayotendewa Istarlin ni uonevu, na mwalimu wake wa darasa lazima aambiwe wiki hii. Filamu za aina hii zina uvivu wake. Mtengenezaji anataka watu waogope upesi, basi anamchukua mtu ambaye watazamaji hawajawahi kula naye, anamvika vazi lake, anamnyima jina, mke, rafiki, hata sahani ya chakula, kisha anamtuma akaue. Sababu ya kuua haionyeshwi, na vazi linaachiwa kazi ya kuwa sababu. Hilo ni kosa la Osoro, na halikuhusu.

Lako ni jingine. Karatasi zilikaa kwako siku nne, nawe ukatafuta makosa ya usomaji tu, hukujali maneno hayo matukufu yanapelekwa wapi. Mokua hakukudanganya. Alikujibu ulichomuuliza, na ulimuuliza kidogo kwa sababu ulikuwa unafurahia mwanafunzi mwepesi. Hilo naweza kulisamehe, mimi pia nimefundisha. Nisichoweza kukusamehe ni ile "Tusiharakishe." Kijana uliyemlea alikutazama mbele ya watu akikupa nafasi, ukaiacha ipite, naye akaibeba aibu yako kwa adabu uliyomfundisha mwenyewe.

Waniuliza lipi litangulie kana kwamba hujui. Unataka kuizuia filamu kwanza ili watu wakuone mtetezi wa dini, na ukija kukiri baadaye wakuonee haya kukulaumu. Huo si mpango wa mtu wa sala.

Tena kuna mstari mmoja ulioupita kwa haraka, nami nilipoufikia niliiweka barua chini. Bikizee wa Magwagwa. Mimi ni mjane wa miaka sabini na miwili, naishi peke yangu, na jikoni kwangu kuna chungu cha majani ninayojitibia kifua. Unajua kama ninavyojua yaliyowapata wanawake wa umri wangu katika vilima hivi, walipoanza kwa kuchekwa, wakaitwa wachawi, na wakaishia kuchomewa nyumba. Wewe una kamati, mnaweza kumwendea Osoro mkiwa kumi. Huyo bikizee anaye nani? Ulihesabu wahusika waliodhulumiwa katika filamu ile ukampata mmoja, wa nyumbani kwako, ukawaita wengine wa kawaida.

Sasa sikiliza utakayofanya. Leo hii mwite Zaki, mketi wawili, umwombe radhi. Usimweleze sababu zako, anazijua. Kesho nenda kwa mwenyekiti ukamwombe aiite kamati mapema, na mbele yao useme: ni mimi niliyemfundisha Mokua. Neno "lakini" lisifuate. Wakikuvua heshima fulani, ivulike, wala usimtume mtu akuombee. Zaki arudi kazini siku hiyo hiyo, na usiinuke kwenye mkeka kabla hilo halijatamkwa.

Jambo hilo likiisha, ndipo umwendee Osoro. Nenda na Mokua, bila askari na bila kundi. Usimwambie amgeuze muuaji awe Mhindi au Msabato, maana hapo utakuwa umeihamishia dhuluma nyumba ya jirani. Mwambie aiondoe Fatiha penye mauaji kabla ya onyesho la Kisii, ampe mtu yule jina, na aonyeshe alichokuwa anakitafuta hata akafikia kuua. Mtu mwovu naye ana haki ya kuonyeshwa kama mtu. Na kabla hujaitaja kanzu yako, mtaje yule bikizee. Mwombe apewe hata jirani mmoja wa kumbishia hodi. Osoro akikataa, mwombe dakika tano za kusema mbele ya watazamaji kabla taa hazijazimwa, useme kwa upole, ukae. Mokua usimfukuze dukani. Kijana aliyeketi siku saba kujifunza dini ya mwenzake anaweza kukaa ya nane akafundishwa maana yake.

Istarlin usimlazimishe kukusomea. Mweleze ulilolifanya, lote, kwa mdomo wako, kabla hajalisikia shuleni.

Na siku Zaki atakaporudi madrasani, ingia uketi nyuma ya watoto, usimsahihishe neno.

Mungu akupe ujasiri wa kusimama mbele ya wenzako, amrudishie Zaki wanafunzi wake, amhifadhi Istarlin darasani, awazungushie ulinzi wazee wote wanaolala peke yao, na aiweke amani katika nyumba yako na katika kila nyumba inayoyasoma maneno haya. Amina.