Mawe Yako Nimeyashusha, Baba

Goba, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Baba yangu,

Shikamoo. Naanza na mguu wako: unaukanyagia sasa, au bado fimbo ndiyo inayotangulia? Na Mama, kikohozi cha baridi ya Mbinga kimemwachia? Mie ni mzima. Nina grisi kwenye kucha ambayo haijatoka kwa sabuni wala kwa ndimu, na nina furaha.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu Kaka Deo huweka spika na kunijibu kabla yako. Hii isome mwenyewe kwanza, kisha umpe.

Unakumbuka tulivyokubaliana uliponikabidhi gari. Nilitumie kusambaza mikate yangu, lakini masika ikiisha na bado nasukumwa kupanda kilima cha huku Goba, lirudi nyumbani, Kaka abebee kahawa. Nilikubali huku nikiutazama mguu wako uliofungwa bandeji, kwa sababu nawe uliteleza ukilisukuma gari hilohilo, Kaka akiwa kwenye usukani.

Sikukwambia kwamba mvua zilipoanza nilisukumwa karibu kila siku. Kilima chetu kikilowa kinateleza kama mlenda. Tairi moja la nyuma lilizunguka bure kwenye tope, na la pili, lililokuwa kwenye changarawe nzuri kabisa, lilitulia tu kama mgeni asiyehusika. Mawe yako matatu yalikuwa nyuma, vilevile ulivyoyapanga juu ya eksele ili kulipa gari uzito. Hayakusaidia. Majirani walitoka na kandambili mkononi kunisukuma. Mama Shamsa, anayekaanga mihogo chini ya kilima, alikuwa akiniona tu anafunika karai lake, tope lisimrukie.

"Sista, leo unapanda wewe au tunapanda sie?" ananiuliza.

Kaka alisema kosa liko kwenye mguu wangu, nakanyaga mafuta kwa pupa. Nilijichunguza sana, Baba, unanijua. Nilipanda taratibu, nikapanda kwa kasi, nikapunguza upepo wa matairi. Mwisho nikasoma, nikaelewa. Difu, yale magia ya katikati ya eksele yanayogawia matairi mawili ya nyuma nguvu, ikiwa ya kawaida hupeleka nguvu kwenye wepesi: tairi lililokosa pa kung'ata ndilo linalopewa kila kitu. Ipo difu nyingine, ndani yake kuna visahani vinavyobanana, na tairi moja likianza kuzunguka ovyo, visahani hulishika na kulilazimisha la pili nalo lifanye kazi. Nikaamua kuitafuta.

Nilikwenda na Fundi Hemedi, mzee wa Temeke ambaye amefungua magari tangu kabla sijazaliwa. Muuzaji wa vipuri vilivyotumika akatuonyesha eksele nzima, difu ikiwa katikati.

"Hii ndiyo yenyewe, sista. Imetoka Japani juzi."

"Naomba tuizungushe."

"Difu haijaribiwi kwa mkono, mwanangu," Fundi akasema. "Inajaribiwa barabarani."

Nikazungusha upande mmoja. Upande wa pili ukaenda kinyume. "Hii ni ya kawaida," nikasema.

Muuzaji akacheka. "Nyie wasomi mna kazi!" Lakini akatuvutia nyingine kutoka chini ya turubai. Hiyo ilikuwa ngumu hadi viganja vikaniuma, na pande zote mbili zikazunguka kwa mwelekeo mmoja. Nikaweka alama ya chaki nihesabu shafti inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa tairi. Fundi akasema tunapoteza muda; nikamwomba asubiri. Hesabu ikalingana na ya gari letu, kwa hiyo nguvu za gari zisingebadilika.

Sasa nikueleze kosa langu. Tulipomaliza kuifunga, Fundi akachota oili kwenye pipa lake, ileile anayoweka kwenye kila difu. Mie nilijua kwamba yenye visahani ina oili yake. Nilijua, Baba, nikanyamaza. Nilikuwa nimeshampinga mzee mara mbili mbele ya watu siku ile, nikaona haya kumpinga mara ya tatu.

Kesho yake, kila nikikata kona, nyuma ya gari ilikuwa inagonga na kutetemeka mpaka mikate inaruka kwenye kreti. Habari zikamfikia Kaka huko Mbinga kabla ya saa sita, akanipigia simu. "Si nilisema? Umelichezea gari la Baba!" Akilini nililiona gari likipakiwa kahawa, na wewe umeshuka na fimbo yako, unainama kulisukuma.

Nikarudi Temeke. Fundi alisikiliza huku akijifuta mikono.

"Ulijua tangu jana?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Niliona haya, mzee wangu."

Akatikisa kichwa. "Difu haina shikamoo, mwanangu. Mimi ukinikosoa nitanuna mpaka chai. Yenyewe ikikosa oili yake inakufa."

Akaimwaga oili ya jana yote. Tukaweka inayostahili, kisha akanituma uwanjani nizunguke taratibu kwa umbo la namba nane, ili oili ipenye kila kisahani. Nilizunguka mpaka watu wakasimama kutazama, na mmoja akaniuliza kama nimepoteza pete. Kugonga kukapungua, kisha kukaisha.

Alhamisi ikanyesha mvua kubwa. Chini ya kilima nilisimama, nikashuka, nikateremsha mawe yako moja baada ya jingine. Mama Shamsa alikuwa ameshafunika karai.

"We mtoto, unashusha uzito kwenye tope hili?"

"Nataka nijue kinachopanda ni difu au ni mawe."

Nikaweka gia ya kwanza. Gari liliyumba kidogo kushoto, halafu nikasikia matairi yote mawili yakiuma ardhi kwa pamoja. Lilipanda, Baba. Juu nikatazama nyuma: majirani wamesimama chini, kandambili mkononi, hawana cha kusukuma.

"Sasa sie tufanye kazi gani?" Mama Shamsa akapaza sauti.

Jana niliwapa kazi ya kula. Niliyafuata mawe yako chini ya kilima, yakatosha mafiga, nikawapikia pilau nje ya geti langu. Yamekuwa meusi kwa moshi na hayawezi tena kupanda kwenye gari la mikate.

Nisalimie Mama. Bibi mwambie kitenge chake nakitafuta, kile cha bluu kama alivyosema. Shangazi wa kwaya mwambie naimba bado, ila garini. Kaka Deo mpe barua hii. Akiuliza ni oili gani, nitamtajia bila haya.

Masika imekatika, na gari haliji kubaki. Nitakuja nalo Krismasi, nikuchukue tupande mlima wa kanisani. Wewe utakaa mbele, na fimbo yako uilaze miguuni. Hutashuka.

Binti yako anayekukumbuka,
Yustina