Nani Anapikaka ku Nyumba Yenu

Siku ya pili, tarehe 6 mwezi wa tano

Mu Ruashi yote hakuna mwanaume wa bahati kama mi. Naandika nikiwa nimeshiba. Leo nimenyoa vichwa kumi na moja. Cha mwisho kilikuwa na mashimo kama barabara ya Kasomeno, na hakuna hata tone la damu. Kisha nyumbani: bukari ya moto, ule ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Napikiwa. Nafuliwa. Shati yangu inapigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Bibi yangu Ngalula ananifanyiaka yote. Nimefika Ndola, nimefika Dar, nimenyoa bantu wa kila taifa. Mwanaume wa kutunzwa hivi, bado sijamuona. Kalenga, ule wa kuziba mipira ya magari pembeni ya salon yangu, anasemaka: «Baba Tresor, wewe ulizaliwa siku ya posho, siku ya kugawa chakula.» Ni kweli.

Siku ya tano Ngalula anaenda kwa dokta wa biro ya pansio. Miaka mbili sasa tangu aanguke ku kazi, mu chumba cha kufulia cha hoteli. Sakafu ilikuwa na maji. Mugongo, na mukono wa kuume. Banataka kuona kama anaweza tena kazi. Akiweza, hakuna pansio, zile pesa za mwenye kuumia ku kazi, anarudi ku mashine ya mashuka.

Siku ya ine, tarehe 8

Nimemusuka Ngalula nywele. Mi ni koafere wa banaume, lakini vidole vyangu havichagui kichwa. Nimetoa kikwembe kile cha ndege wa bluu, cha ndoa ya dada yake. Muntu haendi mbele ya biro na nguo ya huzuni. Batasema bwana yake hamutunzi. Mi nitavaa kositimu.

Leo aliamuka muzuri. Alitembea mpaka ku portail, mulango wa inje, na kurudi bila kushika ukuta. Kuna siku za hivi. Aliniambia neno moja tu: «Baba Tresor, kesho usiseme sana.»

Mi? Kusema sana?

Siku ya tano, tarehe 9

Dakika tano. Kunyoa mutoto anayelia kunachukua zaidi.

Dokta kijana, muzuri, amechoka, bantu wamejaa mpaka inje. Inua mukono. Ngalula akainua. Inama. Akainama. Nilimuona anauma mudomo, dokta alikuwa anaandika. Kisha akauliza nani anapikaka ku nyumba, nani anafua. Aliniangalia mi, kwa heshima, mi ndiye mukubwa wa nyumba.

Ningesema nini? Mbele ya muntu wa masomo? Nilisema: «Yeye, Dokta! Bukari yake, ukiila unasahau jina la mama yako. Na kufua! Ona hii kola.» Dokta alicheka. Ngalula aliangalia viatu vyake.

Tulishika njia ya nyumba. Nilimununulia mikate ya moto. Alinipa nusu.

Siku ya posho, tarehe 10

Hakuamuka. Mukono ule aliouinua mara moja umevimba, vidole havifungi. Mugongo unamukata. Dokta hakuona hii. Hii inakuja kesho yake, kila mara inakuja kesho yake.

Sikufungua salon. Nilibeba ndoo sita za maji. Ni sport, inafaa tumbo langu. Nilifunga portail, nikafua kidogo. Mwanaume anaweza kumusaidia bibi yake siku moja.

Siku ya ine, tarehe 29

Barua imefika. Ni ya Kifaransa, mi nilisoma mpaka mwaka wa sita tu, Ngalula alipita mbali. Alisoma akiwa amelala, barua juu ya kifua. Anaweza kazi. Hakuna pansio. Na chini, akaweka kidole: «Bwana wake mwenyewe anahakikisha kwamba mama anapika na kufua bila shida.»

Dokta hakuandika uongo. Aliandika maneno yangu.

Barua ya pili ni ya hoteli. Arudi ku mashine mwanzo wa mwezi wa saba. Asiporudi, bataandika kwamba ameacha kazi mwenyewe.

Nilingoja anitukane. Angenitukana ningepumua. Alikunja barua zote mbili akasema: «Ulinisifu muzuri sana, Baba Tresor.» Akageukia ukuta.

Niko mujinga. Naandika kwa herufi kubwa: MUJINGA.

Siku ya pili, tarehe 3 mwezi wa sita

Nimeenda biro ya pansio. Nilitoka nyumbani na usemi wa kutosha kuangusha serikali. Mama wa ku guichet, ule wa ku dirisha, aliningoja nimalize, kisha akasema: «Papa, kunywa maji kwanza.»

Ameniambia kuna namna mupya. Bantu balilalamika sana juu ya zile dakika tano. Sasa mwenye kukataa barua anatumiwa kine, muntu wa kutengeneza viungo, mpaka kwake. Anakaa naye nusu ya siku. Anauliza siku muzuri na siku mubaya. Anaangalia namna muntu anavyoishi kweli, anauliza kila muntu wa nyumba. Alichoandika ndicho cha mwisho, hakuna kuja tena kulia. Kwetu ni siku ya tano, tarehe 13.

Nikasema asante Mungu. Kisha, mu taksi, nikaelewa. Atakuja mu parseli, mu kiwanja chetu. Mchana. Portail wazi, mambo ya kupika iko inje pale, na Kalenga hana ukuta kati ya macho yake na nyumba yangu. Na atauliza nani anapika.

Siogopi kine. Naogopa Kalenga. Kuna mwanaume mumoja hapa avenue yetu, bibi yake alikuwa ku hopitali, balimukuta anaosha masufuria. Mpaka leo banamuita Mama Sahani. Ni mi nilimupatia ile jina.

Siku ya kwanza, tarehe 9

Baridi imeingia. Ngalula ni kama nyumba ya zamani, kila mulango unalia. Nimemukanda mugongo na mafuta ya moto. Nimemufunga vifungo. Ana vifungo saba ku ile blauzi, navijua kuliko vidole vyangu.

Alisema, bila hasira: «Kama ukiona haya, mwambie kine napika. Nitarudi ku mashine. Nitajaribu.»

Mukono ule hauwezi kushika kikombe cha chai mpaka mwisho wa chai. Ile mashine inakamata mashuka ya moto, inavuta. Itamuvuta naye. Nilitoka inje nikajifanya natafuta kuku. Hatuna kuku.

Siku ya ine, tarehe 12

Nilikuwa na mupango mukubwa. Nilimufundisha Ngalula kulia. Nilimuonyesha: unashika kiuno hivi, unaita mama yako, unaanguka polepole upande wa kiti. Nilianguka mi mwenyewe mara tatu. Alicheka mpaka machozi, kisha mugongo ukamukamata mu kicheko.

Alipopumua akasema: «Mi sitadanganya. Niko mugonjwa ya kutosha. Wewe tu, sema vile iko.»

Vile iko. Ni rahisi kwake, yeye hana jina mu avenue.

Siku ya tano, tarehe 13

Kine alikuja saa tatu ya asubui. Mama mufupi, viatu na vumbi, mufuko mugongoni, banamuita Madame Mujinga, yani ni jina lake la Kiluba, la heshima. Hakukaa ku kiti kikubwa nilichomupangusia. Alikaa ku ka kiti ka jikoni, karibu na Ngalula.

Inua mukono. Ngalula akainua. Nikajua tumekwisha. Lakini ule mama akasema: «Tena, yaya, dada yangu.» Tena. «Tena, polepole.» Mara ya ine mukono ukabaki pale chini, unatetemeka kama ka ndege. Akamupa kikombe cha maji akawa anaongea naye habari ya Kasai kwao, ya batoto, macho yake ku kikombe. Kikaanguka. Hakuandika mbio. Alikiokota kwanza. Akauliza: jana ilikuwa je? Na juzi? Ukifanya leo, kesho unalipaje? Hii swali ya kesho, miaka mbili hakuna muntu aliiuliza. Ngalula akaanza kujibu na hakunyamaza tena. Mi sikujua kama anaweza kusema vile. Vingine mi pia sikuvijua. Kwamba anahesabu hatua mpaka ku choo. Kwamba nikienda salon anakaa bila kunywa maji ili asitake kusimama.

Kisha akageuka kwangu. «Papa, nani anapikaka ku nyumba yenu?»

Na nani alikuwa amesimama ku portail? Kalenga. Alikuja kuazima pampu, pampu ambayo ni yake. Na nyuma yake bantu wawili wa kuziba mipira.

Nilisikia moto ku masikio. Ulimi wangu ulikuwa na bukari ya Ngalula tayari, tamu, inasahaulisha jina la mama. Nilimuangalia. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikasema: «Ni mi.»

«Na kufua?»

«Ni mi. Maji ni mi. Kumuosha ni mi. Kumuvalisha ni mi. Tangu miaka mbili, Madame. Kwa dokta nilisema ni yeye. Niliona haya.»

Akasema nimuonyeshe. Basi nilipika, mbele ya wote, mwiko mu mikono miwili. Unga ulinirukia mu ndevu. Ngalula alijaribu kukamata sufuria, ikamushinda. Kine anaangalia saa, anaandika.

Kalenga alikuwa wa kwanza kusema. «Baba Tresor, iko na mabonge.»

«Ni mabonge ya kwetu. Hukuitwa.»

«Mi bibi yangu hanipikiaka hata hayo mabonge.» Akanawa mikono akakaa chini. Bantu wake wa mipira bakakaa pia. Balikula yote. Kalenga aliramba vidole akasema polepole, bila kucheka, kwamba maji aliyajua zamani, kwamba aliniona na ndoo kila asubui, na mara mbili alinijazia pipa nikiwa salon. Nilidhani ni Mungu.

Siku ya mungu, tarehe 15

Ku misa banaume wawili walinisalimu: «Mama Bukari.» Mama Sahani mwenyewe alinishika mukono muda murefu. Nilimuomba musamaha. Alisema kwanza nimuonjeshe bukari yangu.

Siku ya tatu, tarehe 2 mwezi wa saba

Barua imefika saa sita. Ngalula alisoma amekaa inje ku jua, na blanketi ku magoti. Harudi ku mashine. Pansio inakubalika, batarudi kumuangalia kisha mwaka mumoja, kwa ile namna ya kine. Alisoma mara mbili, kisha akanipa niishike, kama mutoto muchanga.

Hatukusherehekea. Ilikuwa siku mubaya ya mugongo. Nilimupeleka ndani, nikamutoa vifungo saba, nikamufunika. Alishika kidole changu kimoja na mukono wa kushoto mpaka akalala. Sasa anapumua muzuri. Sombe iko ku moto.

Ile niliyoandika ya kwanza, kwamba mi ni wa bahati kuliko banaume bote, kwamba napikiwa na kufuliwa. Ni uongo. Ile bukari nilipika mi. Ile shati nilipiga pasi mi. Bibi yangu ni mugonjwa, na mi sina bahati.