Nusu Saa ya Ziada

Mdogo wangu,

Mwambie huyo anayekusomea barua hapo chuoni asiruke neno, hata akiona aibu. Sisi wazima. Magoti ya Mama yaleyale. Paa la jiko tumeliziba, sasa linavuja upande wa pili.

Fomu ya chuo chenu imefika, ile ya kukuombea nusu saa ya ziada kwenye mitihani kwa sababu herufi zinakuchezea. Nikampelekea Baba. Akasema, "Nisomee, miwani siioni." Alikuwa ameivaa.

Kuna swali linauliza kama yupo mwingine katika familia mwenye shida hiyo. Baba akaitazama ile fimbo aliyokuchapia kila ulipokwama kusoma. Bado iko nyuma ya mlango. Kisha akasema, "Andika hakuna. Andika ni uvivu tu."

Unakumbuka nilivyoachishwa shule? Mliambiwa nakwenda kumsaidia Baba ghalani. Kweli, nilimsaidia. Nilimsomea kila hati ya mzigo kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie. Miaka kumi na tisa sasa, funika kombe mwanaharamu apite.

Fomu niliijaza mimi. Ningeandika ukweli, Baba asingejua. Angesaini tu pale ninapomwonyesha kwa kidole. Nilikaa na kalamu muda mrefu, nikiwaza chuo kizima kilivyosimama kwa ajili yako. Mimi alinisimamia nani?

Nikaandika hakuna. Nikaandika uvivu.

Ni mimi dada yako,
macho ya Baba.